Mabomba ya Kale Ndani ya Nyumba: Kuyaziba au Kuyang'oa?

Kangari si mahali pa kiu. Mji huu mdogo wa soko, katika Kigumo ya Murang'a, uko juu kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua, mahali ambapo mashamba ya chai hupanda hata yakaukaribia msitu. Mito ya Maragua, Gikigie na Irati hutoka katika milima hiyo, na maji yake yanatakiwa sana hata likachimbwa handaki chini ya matuta, lenye urefu wa karibu kilomita 12, ili yapelekwe kwenye bwawa la Ndakaini na kutoka huko yafike Nairobi. Walakini mtu aweza kulala usiku kucha akisikia mvua juu ya mabati, akaamka alfajiri na kufungua mfereji wa jikoni, akaona maji yanatoka membamba kama uzi, tena mekundu. Mara nyingi hapo mto hauna lawama. Ugonjwa umo ukutani na chini ya sakafu, ndani ya mabomba ambayo hapana mtu aliyeyaona tangu siku yalipofunikwa kwa saruji.

Yafaa kukumbuka jinsi mabomba hayo yalivyofika huko. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa wilaya hii, ambayo zamani hizo iliitwa Fort Hall, waliondolewa katika makazi yao wakawekwa vijijini. Baadaye ardhi ilikusanywa na kupimwa upya, na kila mtu akarudi kujenga katika shamba lake. Kilimo cha chai cha wakulima wadogo kilikuwa kimeanza kuenea. Mwaka 1960 iliundwa halmashauri ya kusimamia mazao maalumu, na mwaka 1964 mahali pake pakashikwa na Kenya Tea Development Authority. Fedha ya chai ikaondoa nyasi juu ya paa ikaweka mabati, ikaondoa udongo ukutani ikaweka mbao na mawe. Kisha, katika miaka ya 1960 na 1970, watu wa milimani walichanga kwa harambee, wakachimba mitaro kwa majembe, wakaleta maji kutoka juu mpaka uani. Na aliyeweza aliyaingiza mpaka jikoni na bafuni.

Bomba la siku hizo lilikuwa la chuma kilichopakwa zinki. Ufundi huo si wa jana: Mfaransa aitwaye Stanislas Sorel alipata hati ya kuumiliki mwaka 1837, na tangu hapo umeenea dunia nzima. Zinki hukilinda chuma kwa namna ya ajabu kidogo, kwa sababu hujitoa kuliwa kwanza ili chuma kisiguswe. Lakini kinachojitoa kuliwa, siku moja kitakwisha. Bomba la namna hiyo, mahali penye maji mema, huweza kudumu miaka 40 au 50. Mahali pengine halifiki huko, na miteremko ya Nyandarua ni mojawapo ya mahali hapo pengine.

Sababu yake huwashangaza wengi, kwa maana maji ya mlimani husifiwa kwa usafi wake. Ni kweli ni masafi; lakini usafi huo ndio unaoliudhi bomba. Maji yaliyopita katika mawe ya chokaa huwa mazito kwa madini, nayo hupaka ukoko mweupe ndani ya bomba, na ukoko huo huwa kama ngao. Maji ya mvua yaliyopita upesi katika udongo wa msituni hayana chokaa ya kutosha kufanya ngao hiyo. Tena huwa yamechukua hewa ya ukaa, nayo huyatia uchachu kidogo. Basi hayana la kuweka, bali yana la kuchukua, na wanalolichukua ni zinki, kisha chuma. Huko nje nako, udongo mwekundu unaoizunguka nyumba ni mchachu. Mti wa chai hupenda uchachu huo, na bila huo hausitawi. Bomba la chuma lililozikwa humo huliwa kutoka nje wakati lile lile linapoliwa kutoka ndani.

Kutu haikai ndani ya bomba kama vumbi kwenye rafu. Huota vichuguu, kimoja juu ya kingine, hata tundu linakuwa dogo na lenye kukwaruza. Hapo hesabu hugeuka kuwa mbaya kuliko mtu anavyodhani. Bomba la nusu inchi likibaki na nafasi ya robo inchi, maji hayapungui nusu. Kwa msukumo ule ule, yatakayopita ni karibu sehemu moja ya sita tu ya yale yaliyopita bomba likiwa jipya. Ndiyo maana mama wa nyumba hulalamika kwa muda mrefu kabla mwenye nyumba hajasadiki. Yeye ndiye anayengoja sufuria ijae, na mfereji ukikauka kabisa, ni yeye au binti yake atakayeufunga mukwa kichwani na kuteremka bondeni kuchota maji.

Mwenye nyumba, naye, hupenda kwanza kuziba. Bomba likitoa jasho chini ya sinki, hukata kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akakizungusha na kukaza kwa waya. Kama hilo halikutosha, huitwa fundi, na mazungumzo ya namna hii yamesikika katika nyumba nyingi:

“Fundi, nikatie hapa palipooza tu, uweke kipande kipya. Leo sina fedha za mambo makubwa.”

“Sawa, mzee. Lakini nikishika hapa kwa spana, pale kwenye kona patavunjika.”

“Mbona pavunjike, na hapavuji?”

“Hapavuji kwa kuwa kutu ndiyo inayoshikilia, mzee. Chuma chenyewe kilikwisha zamani.”

Fundi anayesema hivyo mara nyingi hudhaniwa anatafuta kazi kubwa, na wako mafundi wanaoitafuta kweli. Hata hivyo maneno yake ni ya haki. Mahali ambapo bomba la chuma ni jembamba kuliko pote ni penye hesi, kwa sababu chuma kilikatwa ili kupata meno ya kufungia, na zinki ikaondoka pamoja nacho. Kukifungua kiungo kimoja cha kale ni kuvizungusha na kuvitikisa vitatu vinavyokifuata. Wiki mbili baadaye huvuja kimojawapo, na lawama humwangukia fundi.

Iko na hila nyingine. Sehemu mpya ikiwekwa katikati ya bomba la kale, maji hupita kwa nguvu zaidi na kung'oa kutu iliyolala, nayo huenda kuziba mfereji ulio mbele. Na kama kipande kipya au koki mpya ni ya shaba, imefungwa moja kwa moja juu ya chuma, basi madini hayo mawili yakikutana majini hufanya umeme mdogo usioonekana, na kinachokula hasara ni chuma. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo ni njema kwa kuta. Katika bomba la miaka 50, kila ufa unaozibwa huusogeza ufa hatua mbili mbele, na mwishowe ukuta hujengwa vilevile, baada ya plasta kubanduliwa mara nne badala ya moja.

Kabla ya kuamua, mwenye nyumba aweza kupima mwenyewe bila chombo chochote cha fundi. Kwanza afunge mifereji yote ya nyumba wakati wa kulala, asome mita, aisome tena alfajiri kabla hapana aliyetumia maji. Hesabu ikiwa imesogea, kuna mahali panapovuja. Tone dogo halipaswi kudharauliwa: mvujo wa lita moja kwa saa ni lita 24 kwa siku, na kwa mwaka ni lita 8,760, yaani zaidi ya madebe 400 ya lita 20. Mwenye mita huyalipia hayo yote. Asiye na mita huyalipia kwa njia nyingine, kwa msingi wa nyumba unaolowa na mbao za sakafu zinazooza.

Jambo la pili ni ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Ijazwe kwenye mfereji wa nje ulio karibu na mita, kisha kwenye mfereji wa jikoni. Kama nje inajaa kwa dakika 2 na jikoni kwa dakika 10, ugonjwa umo ndani ya nyumba. Kama pote inachukua dakika 10, basi kung'oa mabomba ya nyumba hakutasaidia, na shida itafutwe huko nje, katika njia ya kutoka kwenye mradi au kwenye tangi. Watu wengine wamebomoa kuta zao bure kwa kutojua tofauti hiyo. Na rangi ya maji nayo husema kitu. Maji yakiwa mekundu kwa dakika moja asubuhi, kisha yakang'aa, ni kutu ya mabomba ya nyumba iliyolala na maji usiku. Yakiwa ya rangi ya udongo mchana kutwa wakati wa mvua za njahi, hata kwenye mfereji ulio mitani, ni mto uliofurika.

Kutu yenyewe haiuwi mtu. Huharibu nguo nyeupe na ladha ya chai, na katika Kangari kuharibu ladha ya chai si kosa dogo. Hatari kubwa iko katika tundu lililotobolewa na kutu. Bomba likiwa limejaa maji yenye nguvu, tundu hutoa maji nje. Lakini maji yakikatwa kwa zamu, kama inavyokuwa mara nyingi wakati wa kiangazi, bomba hubaki tupu, na aliye chini ya mteremko akifungua mfereji wake, bomba lililo juu hunyonya. Hapo tundu lile lile huvuta ndani maji yaliyoko mtaroni, na kama mtaro unapita karibu na choo cha shimo au zizi la ng'ombe, msomaji aweza kumaliza hesabu hiyo mwenyewe. Homa ya matumbo na kuhara huingia nyumbani kwa njia hiyo huku kila mtu akiamini kwamba anakunywa maji ya mfereji. Tena zinki iliyopakwa mabomba zamani mara nyingi ilikuwa na risasi kidogo ndani yake, na risasi si rafiki wa ubongo wa mtoto. Mji wa Flint, katika Marekani, ulionyesha dunia mwaka 2014 jinsi maji yenye kula mabomba yanavyoweza kutoa risasi. Wakubwa wa mji walibadili mahali pa kuchotea maji bila kutia dawa ya kuyalinda mabomba, na risasi ya mabomba ya kale ikaingia vikombeni.

Basi mtu akiisha kukata shauri la kubadili, swali linalofuata ni la bomba lenyewe. Maduka ya vifaa vya ujenzi sasa yamejaa plastiki, na plastiki nazo si moja. Lile bomba la kijani au jeupe, lenye ukuta mnene, ambalo mafundi huliita PPR, limetengenezwa kwa polipropilini. Mwitalia Giulio Natta ndiye aliyeipata plastiki hiyo katika umbo lake gumu mwaka 1954, na mwaka 1963 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Hilo hufaa ndani ya nyumba, kwa maji baridi na hata ya moto likiwa la daraja linalostahili. Lile jeusi linalokunjwa kama kamba hufaa mtaroni, kutoka mitani mpaka nyumbani, kwa kuwa halina viungo vingi na udongo mchachu haulidhuru. Lile la kijivu au jeupe linalogandishwa kwa gundi ni rahisi kwa bei, lakini hulegea likipata maji ya moto, na halipaswi kukaribishwa karibu na kifaa cha kuchemshia. Yote haya hayali kutu. Adui yao ni jua. PPR likiachwa wazi juu ya ukuta unaopigwa na jua huwa gumu na kupasuka, na kwa hiyo lifunikwe au lipitishwe kivulini.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Bomba la chuma la nusu inchi huitwa kwa upana wa ndani, lakini PPR huitwa kwa upana wa nje. Muuza duka huambiwa “nusu inchi”, naye hutoa la milimita 20. Katika bomba hilo, likiwa la daraja la juu, ukuta una milimita 3.4 kila upande, na nafasi inayobaki ndani ni milimita 13 na kidogo, yaani dogo kuliko lile la chuma lilipokuwa jipya. Kwa hiyo njia kuu ya nyumba ijengwe kwa la milimita 25, ambalo lina nafasi ya milimita 16 na zaidi, na lile la 20 liachiwe kipande cha mwisho kinachoelekea kwenye mfereji mmoja. Palipokuwa na chuma cha robo tatu ya inchi, linalolingana nalo ni la milimita 32. Tofauti ya bei ni ndogo. Tofauti ya maji huonekana kila asubuhi.

Tena mtu wa milimani ana hesabu yake ambayo mtu wa tambarare haihitaji. Kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo wa maji kwa kipimo kimoja cha bar. Nyumba iliyo bondeni, mita 70 chini ya tangi la mradi lililo juu ya tuta, hupata bar 7 usiku wakati majirani wamefunga mifereji yao. Bomba jeusi lililoandikwa PN 6 laweza kupasuka hapo, ingawa kwa jirani aliye juu limekaa miaka kumi salama. Herufi na tarakimu hizo zimepigwa juu ya bomba lenyewe. PN 10 ni la bar 10, na PN 16 ni la bar 16. Zisomwe kabla ya kulipa, pamoja na alama ya ubora ya serikali, kwa maana bidhaa za bandia hazikosekani. Mahali ambapo msukumo umezidi sana, koki ya kupunguza nguvu iwekwe karibu na mita, ama maji yaingie kwanza katika tangi la nyumbani, na kutoka hapo yateremke polepole.

Lakini kabla bomba moja la chuma halijakatwa, liko jambo ambalo limesahauliwa na mafundi wengi, nalo ndilo linaloweza kuua. Zamani mafundi wa umeme walizoea kuufunga waya wa ardhini kwenye bomba la maji. Ilikuwa njia nyepesi, kwa sababu bomba refu la chuma lililozikwa ardhini hupeleka umeme uliopotea mpaka udongoni, na fyuzi hukatika. Sasa chuma kikiondolewa na plastiki ikawekwa, njia hiyo imekatwa, kwa maana plastiki haipitishi umeme. Taa zitawaka kama jana, redio itasema kama jana, na hapana dalili yoyote ya kuonyesha kwamba ulinzi wa nyumba umeondoka. Dalili itakuja siku waya utakapoharibika ndani ya kifaa cha kuchemshia maji ya kuoga. Vifaa hivyo vimeenea sana katika miji ya Mlima Kenya, kwa sababu ya baridi ya gathano, na vinatumia umeme wa volti 240 juu ya kichwa cha mtu aliyelowa maji na kusimama juu ya sakafu iliyolowa. Hapo umeme utatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia itakayobaki ni mwili wa anayeoga.

Si lazima nyumba yote ibadilishwe ndipo hatari hiyo iingie. Kubadili mita mbili tu za bomba karibu na mita ya maji kwatosha. Kwa hiyo fundi wa umeme mwenye leseni aitwe kwanza, atazame waya wa ardhini umefungwa wapi, na kama umefungwa bombani, aupigilie nguzo yake ya ardhini na kuupima. Aangalie pia kama kiko kile kifaa kinachokata umeme upesi unapovuja. Siku ya kazi, swichi kuu izimwe kabla ya msumeno kugusa bomba, kwa kuwa bomba la kale laweza kuwa linapitisha umeme uliopotea bila mtu kujua, na fundi atakayelitenganisha kwa mikono miwili ndiye atakayekuwa daraja. Gharama ya fundi huyo ihesabiwe ndani ya gharama ya mabomba, wala isiachwe mpaka mwezi ujao.

Wakati mwema wa kazi ni Januari na Februari, mvua za mwere zikiisha kupita na za njahi hazijaanza, udongo ukiwa umekauka na mtaro haujai maji. Matangi na mitungi ijazwe siku iliyotangulia. Mtaro mpya uchimbwe futi mbili kwenda chini, mbali na choo, tena usipitie katikati ya michai, kwa maana jembe la mpaliliaji halijui kilicho chini yake.

Ndani ya nyumba, fundi asilazimishwe kuyafuata mabomba ya kale ukutani. Kuyang'oa yale yaliyofunikwa na saruji ni kuibomoa nyumba. Yaachwe humo, yakatwe na kuzibwa miisho yake, na mapya yapitishwe njia nyingine, juu ya ukuta kwenye pembe za chumba, au juu ya dari. Wako wanaosema bomba linaloonekana huiharibu sura ya chumba. Hawa hawajapata kutafuta mvujo ndani ya ukuta kwa patasi. Nyumba ya mbao, ambayo ni nyingi katika sehemu za chai, hufaidika zaidi, kwa sababu mvujo uliofichwa nyuma ya ubao huuozesha kwa miaka kabla haujajulikana. Vibanio vinavyoshika bomba visibane kama koleo, kwa kuwa plastiki hutanuka: PPR la mita 10, likipata maji ya moto yaliyozidi kwa nyuzi 30, hurefuka kwa milimita 45, na lisipopata nafasi litajikunja kama nyoka.

Viungo vya PPR havifungwi kwa spana. Huyeyushwa kwa pasi ya umeme yenye joto la nyuzi 260, bomba upande mmoja na kiungo upande wa pili, kisha hushikanishwa vikawa kitu kimoja. Muda wake si wa kukisia. La milimita 20 hukaa motoni sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Kisha lishikwe bila kuzungushwa, liachwe lipoe. Fundi mwenye haraka hulikandamiza kupita kiasi, na plastiki iliyoyeyuka ikaingia ndani na kufanya pete inayoziba njia. Kwa nje kiungo hicho ni kizuri kabisa. Kwa hiyo yafaa kumwomba akate kiungo kimoja cha majaribio mbele ya mwenye nyumba, na ndani yake kitazamwe. Fundi mwema hachukii kuombwa hivyo. Na mahali ambapo plastiki inakutana na mfereji wa chuma, kiungo chenye hesi ya shaba kitumike, kikazwe kwa kiasi, kwa kuwa mkono uliozoea chuma hukivunja upesi.

Saruji isiguswe kabla ya kujaribu. Bomba lijazwe maji, hewa itolewe, kisha pampu ya mkono ya majaribio ifungwe na kuusukuma mpaka mara moja na nusu ya msukumo wa kawaida, na sindano ya kipimo iangaliwe kwa saa kadhaa. Asiye na pampu alale na maji ndani ya mabomba usiku mzima, wakati msukumo ni mkubwa, na asubuhi apitishe karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowa, kiungo kikatwe, wala kisipakwe kitu. Kisha mifereji yote ifunguliwe maji yakimbie kuondoa vumbi la plastiki na mchanga, na vichujio vidogo vilivyo midomoni mwa mifereji visafishwe.

Kuhusu malipo, wenye busara hupima wenyewe urefu wa njia zote, wakanunua vifaa kwa mkono wao, na wakakubaliana na fundi kwa kazi nzima badala ya kumlipa kwa siku. Sehemu ya mwisho ya malipo hubaki mpaka jaribio la msukumo limepita. Asiye na fedha za nyumba nzima aanzie kwenye mita na kuja ndani, asianzie bafuni kwenda nje, ili maji ya sehemu mpya yasipite tena katika kutu. Mwaka huu njia ya kutoka mitani na jikoni. Bonasi ya chai ikija tena, bafu na choo.

Mabomba yaliyotolewa yasitumiwe tena kuleta maji kwa mifugo au kwenye kitalu, ingawa yanashawishi. Ni nguzo nzuri za ua na za kuanikia nguo. Na kabla mitaro haijafukiwa, mtoto mmoja wa shule apewe daftari na futi kamba, achore nyumba na kila bomba lilipopita, umbali wake kutoka ukutani na kina chake, na mahali ilipo koki ya kufungia maji yote. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati ya shamba.